Kiwanja Tisa Kilionekana Asubuhi

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Msicheke bado. Mkataba wangu wa miaka sita ulikwisha, hakuna aliyeniuliza kama nataka mwingine, na mimi sikuuliza kwa nini. Waliofanya kazi nami watawaambia kwamba hilo la kutouliza halikuwahi kutokea kabla. Keki ilikatwa. Hotuba ikasomwa, fupi kuliko keki. Nikapewa blanketi zito, zawadi ambayo ofisi yetu humpa mtu asiyetarajiwa kutoka tena nje kwenye baridi. Kama huko si kustaafu, basi sijui kustaafu ni nini.

Naandika haya kwa ajili yenu wawili mlioachiwa meza yangu, ile yenye mguu uliowekewa kipande cha tofali. Habari za vyeo na mishahara sina. Nitawaambia mambo ambayo hayamo kwenye faili, maana ya kwenye faili niliyaandika mimi, na mengine si ya kuaminika sana.

Siku yangu ya kwanza nilifika na shahada ya upimaji ardhi, kompyuta ya kubebea mgongoni, na viatu vya ngozi ambavyo mama alininunulia kwa furaha. Mlangoni alisimama Mzee Ouma, mshika tepu wa ofisi. Baba yake alitoka upande wa ziwani kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, na yeye amezaliwa na kukulia hapa hapa, kiasi kwamba Kipsigis chake ni kizuri kuliko changu. Aliangalia viatu vile kwa muda.

"Madam, hivyo viatu umekuja navyo kuviaga?"

"Kuna gambuti ofisini?"

"Gambuti iko. Gari iko. Sasa tuone kama wewe uko."

Kufikia saa sita nilikuwa nimezama kwenye tope hadi magotini, na jina la Madam lilikuwa limekufa. Kuanzia siku hiyo nikawa Digrii. "Digrii, shika hapa. Digrii, usikanyage chai ya watu." Miaka sita.

Nilikuja pia na mashine mpya ya setilaiti, ambayo hukuambia umesimama wapi duniani hata kama wewe mwenyewe huelewi umesimama wapi. Niliiamini sana. Mzee Ouma aliamini panga, tepu na kumuuliza mama mwenye shamba. Alinifundisha kwamba ukitafuta bikoni, lile jiwe la mpaka lililozikwa kwenye kona ya kiwanja, usimuulize baba wa boma kwanza. Baba atakuonyesha mahali ambapo angependa liwe. Muulize anayepalilia, kwa sababu jembe lake limeshaligonga mara nyingi na analichukia kwa jina.

Nilidhani ni utani hadi tulipoitwa Kapsoit na ndugu wawili waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya hatua tatu za shamba. Mashine yangu ilionyesha bikoni iwe hapa, ramani ya zamani ikaonyesha iwe pale, na ndugu wale wakaapa kwa sauti kubwa, kila mmoja upande wake. Tulichimba mashimo kama fuko. Mwishowe mke wa yule mkubwa, aliyekuwa akitutazama muda wote huku akipepeta mahindi, akauliza, "Mnatafuta lile jiwe lenye chuma katikati?"

"Ndiyo, mama. Umeliona wapi?"

"Si ndilo linashikilia mlango wa kuku? Liko hapo tangu nilipoolewa."

Mzee Ouma alinigeukia tu na kuniangalia jinsi mtu anavyoangalia risiti.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Katika ofisi yetu kulikuwa na sheria moja kubwa ambayo haikuandikwa popote: tunatoka saa mbili asubuhi na tunarudi kabla ya saa nane. Sababu mnaijua, kwa sababu nyinyi pia mmezaliwa kwenye milima hii. Saa nane mvua inanyesha. Kuna siku inachelewa dakika kumi na watu wanaingiwa na wasiwasi. Kwa hiyo kazi zote za shambani zilifanyika asubuhi, na mchana tulichora, tulikunywa chai, na kufikia saa kumi kasoro mlango ulikuwa na kufuli, maana kila mtu alitaka kufika kwake kabla barabara haijawa sabuni kabisa. Mimi, niliyehoji kila kitu, niliyemuuliza mkubwa wangu kwa nini fomu ya kuomba kalamu lazima ijazwe kwa kalamu, sikuihoji sheria hiyo hata siku moja. Sikupenda kulowa.

Katika mwaka wangu wa tano likaja pendekezo kutoka juu. Serikali ilitaka kuuza ardhi ya umma iliyo ya ziada, na kila ofisi ilitakiwa kutoa orodha ya viwanja vyake visivyotumika. Mkubwa wetu, Bwana Rotich, alituita mkutano. Ni mtu mpole, anayependa barua zenye mihuri na viatu visivyo na doa. Alitugawia fomu. Kulikuwa na namba ya kiwanja, ukubwa, na swali moja: Je, ardhi inatumika? Ndiyo au Hapana.

"Bosi," nikasema, na nikasikia viti vikilalamika kabla ya watu. "Ziada ni nini?"

"Ni ile imebaki."

"Imebaki baada ya nini?"

"Baada ya kutumika, Chelangat."

"Na tutajuaje kwamba haitumiki?"

"Mtafika, mtaangalia. Kama hakuna kitu, hakuna kitu."

Niliandika jibu hilo kwenye daftari langu na kulipigia mstari, nikijiona mjanja. Kisha nikaenda kulitekeleza neno kwa neno.

Tulikuwa na viwanja kumi na vinne. Kiwanja Tisa kiko upande wa Kapkatet, nusu ekari kwenye njia panda, katikati ya mashamba madogo ya chai. Tulifika saa tatu na nusu asubuhi. Kulikuwa na nyasi fupi, nguzo mbili za banda ambalo mabati yake yaliondoka na upepo siku ya mvua ya mawe, na kondoo mmoja aliyefungwa kamba. Watu walikuwa wakichuna chai hapo juu. Nikamtazama kondoo, naye akanitazama. Nikaweka alama kwenye Hapana, nikasaini kwa mwandiko mzuri, na saa saba na robo tulikuwa ofisini tukila viazi.

Jumamosi iliyofuata nilienda kumwona shangazi yangu aliyeolewa ng'ambo ya hapo. Mvua ilikuwa imepungua, na saa kumi hivi nikafika kwenye njia panda na bodaboda. Haikupita. Kiwanja Tisa kilikuwa kimejaa watu. Wanawake, wanaume na wasichana walisimama kwenye foleni na magunia yao ya wavu yaliyojaa majani mabichi. Kwenye zile nguzo mbili, ambazo mimi nilizihesabu kama mabaki ya banda, palikuwa pamelazwa mti, na kwenye mti pamening'inizwa mizani. Lori la chai lilisimama kando, magurudumu yake yamefungwa minyororo kwa sababu ya tope. Kumbe mizani huja na lori, na lori huja saa kumi, na saa kumi na moja na nusu vyote viwili vimeshaondoka. Asubuhi hubaki nguzo na kondoo.

Mama mmoja mzee alikuwa amekaa kwenye kona ya kiwanja, juu ya kitu kilichofichwa na nyasi, akinyoosha magoti. Wote walimwita Bot Chebet, yaani mama yake Chebet. Alinikazia macho.

"Wewe si ni yule msichana wa mashine?"

"Ni mimi, mama. Chamgei," nikamsalimu.

"Chamgei. Tulikuona siku ile. Tulikuwa tunachuna hapo juu. Unainua mkono, unazunguka, unainua mkono. Nikawaambia wenzangu, huyu mtoto anatafuta netiweki."

Watu wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikamwambia nilichokuwa nikitafuta na nilichoandika. Yeye aliacha kucheka kabla yangu.

"Sasa hapa kukiuzwa, tutapimia wapi?"

"Kuna kituo kingine ng'ambo ya mto."

"Najua kiko. Unajua kilima cha huko? Majani yakikaa kwenye gunia, yanapata moto, yanakuwa mekundu, na karani wa kiwanda anayamwaga chini mbele yako. Mimi nachuna peke yangu. Haya magoti yanafika hapa, hayafiki huko." Aliyagonga kwa kiganja kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Itabidi ning'oe chai nipande mahindi. Halafu nikae mlangoni nihesabu tumbili wakiyala. Na wewe ulipotuona kule juu, mbona hukuita? Si tungekuja tukuambie?"

Usiku huo niliandika swali lake kwenye daftari langu, chini ya jibu la Bwana Rotich.

Jumatatu nilimfuata Bwana Rotich. Nilimweleza kila kitu, pamoja na minyororo ya lori.

"Lakini ulisaini," akasema.

"Nilisaini nilichoona."

"Basi ni kweli uliona."

Akanieleza kwa upole kwamba fomu iliyosainiwa haifutwi na aliyeisaini. Inaweza kubadilishwa tu kama mkubwa wa ofisi amekwenda mwenyewe na kuona kwa macho yake, na orodha ilikuwa inaondoka Ijumaa. Alikuwa tayari kwenda Alhamisi. Asubuhi.

"Bosi, asubuhi hakuna kitu."

"Kama hakuna kitu, hakuna kitu."

"Twende saa kumi."

"Kwenye mvua? Chelangat, sisi ni bata?"

Nilirudi mezani nikamsimulia Mzee Ouma. Alikuwa akisafisha tepu kwa kitambaa chenye mafuta, kazi aliyoifanya kila siku ilipohitajika na isipohitajika.

"Digrii, sheria inasema nini kuhusu ukaguzi wa kiwanja?"

"Bikoni zote nne zionekane kwanza."

"Na ikikosekana moja?"

"Inatafutwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ionekane, au mkubwa aandike kwamba imepotea."

"Na mkubwa wetu amewahi kuandika kwamba kitu cha serikali kimepotea mikononi mwake?"

Tukaangaliana. Nawaambia ukweli, sikuwa nimewahi kuipenda sheria kiasi hicho.

Alhamisi saa tatu tulikuwa kwenye Kiwanja Tisa. Bwana Rotich alibaki ndani ya gari na ubao wake wa kuandikia na koti refu la mvua la rangi ya kaki. Kondoo alikuwepo. Bikoni ya kwanza ilionekana baada ya nusu saa, ya pili baada ya saa nzima, kwa sababu Mzee Ouma aligundua siku hiyo kwamba mgongo wake unahitaji kupumzika baada ya kila jembe la tatu. Ya tatu ilichukua muda zaidi. Ya nne haikuonekana. Nilichimba kwa utaratibu wa kitabuni, duara ndogo, duara kubwa, duara kubwa zaidi. Mzee Ouma alivua koti lake, akaliweka kwenye nyasi pale kona, akaja kunisaidia kuchimba mahali pengine.

"Bado?" Bwana Rotich akauliza dirishani saa sita.

"Bado, bosi. Labda uandike kwamba imepotea?"

"Tafuteni."

Saa saba na nusu alishuka kwenye gari, akaangalia mbingu, akasema imetosha, tunarudi, fomu ibaki jinsi ilivyo. Ndipo mvua, ambayo miaka yote imekuwa ikifanya kazi upande wa ofisi, ikahama. Ilinyesha mapema, ikanyesha kwa nguvu. Dereva alijaribu kilima mara mbili na mara zote mbili gari likarudi kinyumenyume, taratibu. Tukakimbilia kwenye kibaraza cha duka la njia panda, tukakaa juu ya kreti za soda, na mkubwa wetu akayaangalia maji yakipita kwenye viatu vyake.

Kufikia saa kumi mvua ilikuwa manyunyu. Akasema anaenda kuangalia kama barabara imekauka. Akatoka na koti lake la kaki, ubao wake mkononi na kalamu sikioni, akasimama katikati ya Kiwanja Tisa, karibu kabisa na zile nguzo mbili. Sikumwambia asimame hapo. Wala sikumwambia asisimame.

Walitoka kila upande. Walishuka kwenye vijia vya chai wakiwa wamejifunika karatasi za nailoni, magunia mgongoni, na kwa kuwa walimkuta mtu mwenye ubao na kalamu mahali ambapo husimama mtu mwenye ubao na kalamu, walipanga foleni mbele yake.

"Huyu ndiye karani mpya?"

"Huyu ana tumbo. Yule wa kwanza alikuwa mwembamba, alikuwa anatupunja."

"Karani, anza basi. Majani yanaiva."

"Mimi si karani," Bwana Rotich akasema.

"Wote husema hivyo wakiona majani ni mengi," Bot Chebet akajibu kutoka nyuma, na foleni nzima ikacheka.

Alijaribu kusogea kushoto. Foleni ikasogea kushoto. Alijaribu kueleza kwamba ametoka ofisi ya serikali kuja kukagua ardhi isiyotumika, na mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akamuuliza kwa heshima kabisa, "Na umeipata?" Lori lilipofika likiburuta minyororo yake, karani halisi, akidhani ni msimamizi aliyetumwa na kiwanda, akamwomba amshikie mti wa mizani. Akaushika. Mkubwa wa ofisi yetu alishika mti ule kwa magunia manane, nilimhesabia, na lazima niseme aliushika vizuri.

Ndipo Bot Chebet, alipokwisha kupima, akatembea hadi kwenye kona yake.

"Nani ameweka koti kwenye kiti changu?"

Mzee Ouma akaruka, lakini mama aliwahi. Alilinyanyua koti, akalitupa kando, na pale chini, likiwa limelainishwa na miaka mingi ya kukaliwa, lilikuwa jiwe la saruji lenye chuma katikati.

Bwana Rotich aliliangalia jiwe. Akaliangalia koti. Akamwangalia Mzee Ouma kwa muda mrefu kuliko mzee mwenyewe alivyoviangalia viatu vyangu siku ile ya kwanza.

"Ouma. Hiyo si bikoni?"

"Ndiyo, bosi. Imeonekana."

"Imeonekana saa ngapi?"

"Saa kumi na robo, bosi. Kila mtu hapa ni shahidi."

Nilingoja radi. Bwana Rotich alifungua ubao wake, akaikausha fomu kwa mkono wa koti, akakata alama yangu na kuandika: Inatumika. Imeonekana saa kumi jioni. Akasaini. Wino ulitambaa kidogo, lakini jina lilisomeka. Njiani kurudi, tulipofika karibu na mji alisema, bila kugeuka, "Chelangat, vile viwanja vingine kumi na vitatu. Mlienda saa ngapi?"

"Asubuhi, bosi."

Akapumua.

Ijumaa, kuanzia mchana hadi jioni, tulirudi kwenye vitatu kabla ya orodha kuondoka. Kimoja kilikuwa na soko la jioni, kimoja kilikuwa na vijana wakifunzwa kuendesha pikipiki, na cha tatu, lazima nikiri, kilikuwa kitupu asubuhi na kitupu mchana, hata kondoo hakukitaka. Hicho kiuzwe, sina ugomvi. Kwa vile vilivyobaki sikupata muda, kwa hiyo nilichora kwa kalamu safu mpya pembeni mwa fomu na kuipa kichwa: Saa ya kuonekana. Nikaijaza kwa ukweli. Tatu, nne, tatu na nusu, nne. Barua ilikuja kutoka juu kuuliza ni nani aliyeongeza safu kwenye fomu ya serikali. Bwana Rotich hakunitaja, hilo nitamshukuru daima. Lakini wanaojua kusoma mwandiko ni wengi, na mkataba ulikuwa unakaribia kwisha wenyewe.

Ndivyo nilivyopata blanketi.

Wiki iliyopita Mzee Ouma alinipigia simu. Alikuwa akicheka kiasi kwamba nilidhani analia. Afisa mmoja alikuja kutoka Nairobi kuhakiki mali za umma. Gari lake lilikwama njiani, akafika kwenye ofisi yetu saa kumi na nusu, mvua ikinyesha. Akagonga. Akachungulia dirishani. Akaandika: jengo, robo ekari, kufuli mlangoni, hakuna mtu. Haitumiki. Sasa ofisi yetu yenyewe imo kwenye orodha ya ziada, na Bwana Rotich anatafuta wananchi wa kusaini kwamba huwa wanahudumiwa hapo.

"Alinituma kwa Bot Chebet," Mzee Ouma akasema. "Maana anatukumbuka."

"Akasaini?"

"Alisema yeye atasema kile ameona tu. Amefika ofisini mara tatu kutafuta ramani ya shamba lake, zote tatu baada ya kupima chai. Anasema ni kufuli nzuri sana, ameikumbuka."

Kwa hiyo, wapendwa wangu mlioikalia meza ya tofali, mwavuli mkubwa mweusi ulioko nyuma ya mlango ni wangu. Nimewaachia. Bot Chebet bado anaitaka ile ramani, na humaliza kupima saa kumi na moja. Msifunge.